Mwanafalsafa kizimbani: falsafa ikitoka chuoni, inakwenda kuuliza nini?

Ukitaka kujua kama falsafa ina kazi yoyote nje ya darasa, usiulizie chuoni. Nenda matangani.

Mwaka juzi tulikaa chini ya turubai, kikao cha familia, tukibishana shangazi azikwe wapi. Kuna waliosema azikwe kwa mume wake, ambaye waliishi mbalimbali miaka mingi. Kuna waliosema azikwe kwenye kiploti alichokinunua mwenyewe kwa jasho lake. Saa nne usiku, baba mdogo akanigeukia: "Wewe si ndiye unayesoma falsafa? Haya, tuambie basi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana sikuwa na la kusema. Kichwani nilikuwa na Kant, kwenye begi nilikuwa na tasnifu nusu, lakini sikuwa na sentensi moja ya kumpa baba mdogo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi kwenye kesi moja ambayo Wakenya wa rika la wazazi wangu wanaikumbuka vizuri sana. Ni kesi ya mazishi. Na ndani yake kuna profesa wa falsafa aliyesimama kizimbani mbele ya nchi nzima. Naamini ukiielewa kesi hiyo, utaelewa tunachomaanisha, au tunachopaswa kumaanisha, tunaposema falsafa iende kwa watu.

Siku 154

Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa kesi za jinai jijini Nairobi. Wengi walimwita S.M. tu. Alikuwa Mluo, mzaliwa wa Nyalgunga, Siaya. Mke wake, Wambui, alikuwa Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, mwanamke aliyeshiriki harakati za Mau Mau na siasa za kudai uhuru. Walioana mwaka 1963 kwa ndoa ya kiserikali, wakajenga maisha yao Nairobi.

Wambui alitaka kumzika mumewe kwenye shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Alisema ndivyo marehemu alivyotaka, ingawa hakukuwa na wosia wa maandishi. Ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, pamoja na ukoo wa Umira Kager, wakasema haiwezekani. Mluo anazikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga.

Wakaenda kortini. Mwili ukabaki mochari. Magazeti yakawa yanachapisha ushahidi siku baada ya siku, na watu wakajazana nje ya mahakama kama kwenye mechi. Mawakili wawili wakali walipambana: John Khaminwa upande wa mjane, Richard Kwach upande wa ukoo. Mashahidi walikuwa wa kila aina. Hata mchimba makaburi aliitwa kueleza jinsi Waluo wanavyozika. Na upande wa ukoo ukamwita Henry Odera Oruka, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aeleze mila za Waluo kuhusu kifo na mazishi.

Tarehe 13 Februari 1987, Jaji Bosire aliamua kwamba ukoo umzike mtu wao. Mei 15 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye. S.M. alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa. Wambui hakwenda.

Kesi hii imeandikiwa vitabu na wanasheria, wanahistoria na watetezi wa haki za wanawake. Mimi nataka kumtazama shahidi mmoja tu, yule profesa. Maana yeye si mtu ambaye falsafa yake ilifungiwa ofisini akatolewa ghafla. Alikuwa ameshatumia zaidi ya miaka 10 akifanya jambo hilohilo tunalolizungumzia: kuitafuta falsafa nje ya chuo.

Oruka alikuwa anatafuta nini vijijini?

Oruka alizaliwa Nyanza mwaka 1944. Alikwenda Uppsala, Sweden, akaanza na masomo ya sayansi kabla ya kuvutwa na falsafa, kisha akasoma Marekani. Mwaka 1970 akaanza kufundisha Nairobi. Pale alikuta mabishano makali: je, kuna falsafa ya Kiafrika?

Jibu lililokuwa limezoeleka lilitoka kwa watu kama Placide Tempels, padri Mbelgiji aliyeishi Kongo na kutoa kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu mwaka 1945, na John Mbiti wa Kenya, aliyetoa chake mwaka 1969. Kwa mtazamo huu, falsafa ya Kiafrika ipo, na imo ndani ya lugha, methali, ibada na desturi za jamii nzima. Kazi ya msomi ni kuichimbua. Mbiti, kwa mfano, alichukua maneno yetu mawili ya Kiswahili, *sasa* na *zamani*, akajenga juu yake nadharia kwamba Mwafrika wa jadi anaishi katika nyakati hizo mbili, na wakati ujao wa mbali kwake karibu haupo.

Wewe unayesema Kiswahili hebu jiulize kidogo. Kweli? Mkulima anayepanda minazi ambayo wataivuna wajukuu zake, huyo hana wakati ujao?

Ndilo lilikuwa tatizo la Oruka na wenzake kama Paulin Hountondji wa Benin. Ukisema "Waluo wanaamini hivi" au "Mwafrika anafikiri vile", umeifanya jamii nzima kuwa kichwa kimoja. Hakuna anayepinga, hakuna anayetilia shaka, hakuna anayebadili mawazo. Na falsafa bila anayepinga inakuwa orodha ya imani tu. Lakini Hountondji alisisitiza maandishi: bila maandishi, falsafa kama mjadala unaokua inakosa pa kusimama. Hapo Oruka alikuwa na njia yake. Yeye alisema, twende tukawatafute hao wanaopinga. Wapo. Hawajaandika tu.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, yeye na wanafunzi wake walikwenda vijijini sehemu mbalimbali za Kenya na vinasa sauti. Waliwatafuta wazee, wanaume kwa wanawake, ambao majirani zao waliwaheshimu kwa busara. Wakawahoji kwa lugha zao kuhusu Mungu, kifo, uhuru, usawa, mali, ukweli. Miongoni mwa waliohojiwa alikuwemo babake mzazi. Mwaka 1990 matokeo yakatoka katika kitabu, mahojiano yakiwa na majina ya wasemaji. Zingatia hilo la majina. Si "Waluo wanasema". Ni fulani bin fulani amesema, na hizi ndizo sababu zake.

Mtunza hekima na mpima hekima

Hapa ndipo penye nyama ya kazi yake. Oruka aligundua kwamba wazee wenye busara si wa aina moja. Kwa Kiswahili changu nitawaita mtunza hekima na mpima hekima.

Mtunza hekima anajua kila kitu cha jamii yake. Methali anazo, nasaba anazo, utaratibu wa posa na matanga anao kichwani. Ukimuuliza desturi inasemaje, anakujibu bila kukosea. Ukimuuliza kwa nini iwe hivyo, anakujibu: ndivyo tulivyoachiwa na wazee. Hapo safari imekwisha.

Mpima hekima naye anayajua hayo yote. Lakini ukimuuliza kwa nini, ndiyo kwanza anaanza. Anatoa sababu. Anaweza hata kusema wazee walikosea, na akaonyesha walipokosea.

Mfano wake maarufu ni Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kiluo. Alipoulizwa kuhusu Mungu, alisema Waluo walikosea kudhani Mungu wao ni tofauti na wa watu wengine. Sababu yake? Maumbile yanaenda kwa utaratibu mmoja kila mahali. Miungu ingekuwa mingi, kila mmoja na matakwa yake, dunia ingekuwa vurugu. Unaweza kuikubali hoja hiyo au kuikataa. Mimi binafsi naona ina tundu, kwani miungu wengi wanaweza kukubaliana. Lakini tazama tunachofanya sasa hivi: tunabishana na mzee wa Nyanza kama tunavyobishana na mwanafalsafa yeyote, kwa sababu ametupa kitu cha kubishania.

Au chukua suala la ujamaa wa jadi, ambalo wanasiasa wetu walilipenda sana. Mbuya hakukubali picha ya kwamba zamani watu waligawana tu mali kwa moyo mweupe. Alieleza kwamba mwenye ng'ombe wengi aliwaweka baadhi kwa wasio nao, wawachunge na kufaidi maziwa, lakini ng'ombe wakabaki mali ya mwenyewe. Kwa hiyo ulikuwa ushirikiano wenye faida pande zote mbili. Hakuna aliyegawa utajiri wake bure. Huyo ni mzee asiyekubali hata sifa za uongo kwa jamii yake mwenyewe.

Wakosoaji hawakukosekana. Peter Bodunrin wa Nigeria aliuliza swali zito: mahojiano yakiisha, falsafa iliyotoka ni ya nani? Ya mzee, au ya profesa aliyekuja na maswali yake ya chuoni? Pengine mzee asingefika huko bila kusukumwa. Oruka alikiri kwamba muulizaji anafanya kazi kama ya mkunga. Lakini hata Socrates hakuandika kitu, na fikra zake tunazijua kupitia mazungumzo yaliyoandikwa na wengine. Hakuna mwanafalsafa aliyezaa wazo peke yake chumbani. Sote tumesukumwa na mtu.

Naona jibu hilo linatosha nusu. Nusu nyingine ni kwamba Bodunrin ana haki ya kututahadharisha: anayeshika kinasa sauti ana nguvu, na anaweza kusikia alichokuja nacho.

Turudi kizimbani

Sasa unaona kwa nini kesi ya S.M. inanikosesha usingizi. Korti ilimwita mtu aliyetumia miaka yake akitenganisha "desturi inasemaje" na "kwa nini iwe hivyo". Halafu ikamweka kizimbani kama shahidi wa desturi. Yaani aliitwa mpima hekima, akapewa kazi ya mtunza hekima.

Silaumu korti peke yake. Shahidi hujibu anachoulizwa, na kesi ina utaratibu wake. Wala Oruka mwenyewe hakuburutwa, alikubali kwenda. Lakini tazama jinsi sheria yenyewe ilivyokuwa imeacha mlango wazi. Sheria ya Kenya inasema katika kesi za madai mahakama ziongozwe na sheria za mila, mradi mila hiyo isiende kinyume na haki na maadili. Haki na maadili! Hayo si maneno ya kutafutwa kwenye kumbukumbu za ukoo. Hata mtunza hekima bora kuliko wote hawezi kukujibu kama mila ni ya haki kwa kukutajia mila yenyewe. Ni swali la falsafa, limekaa katikati ya kifungu cha sheria.

Majaji waliona mila ile haina ubaya wowote wa namna hiyo, na kwamba mtu aliyezaliwa Mluo haachani na sheria za mila za Waluo kwa sababu tu amesoma, amehamia mjini na ameoa kwingine. Waliamua. Lakini sababu za kina za swali lile, kwa macho yangu, hazikupata nafasi iliyostahili, wala kortini wala kwenye umati uliojaa nje.

Hebu tujaribu sisi. Jambo moja lililorudiwa sana katika kesi ile ni tofauti kati ya nyumba na nyumbani. Upande wa ukoo ulishikilia kwamba Mluo anaweza kuwa na nyumba Nairobi, hata kumi, lakini nyumbani kwake ni kule alikozaliwa, kwenye ardhi ya baba zake, panapoanzishwa boma kwa taratibu za jadi. Msemaji wa Kiswahili anaielewa tofauti hii mara moja. Mtu ameishi Kariakoo au Eastleigh miaka 40, ukimuuliza "kwenu wapi?" anakutajia kijiji.

Mtunza hekima anaishia hapo. Mpima hekima anauliza: ni nini kinachofanya nyumbani pawe nyumbani?

Ukisema ni taratibu za kuanzisha boma, basi vipi mtu mzima mwenye akili timamu aliyeamua kutozifanya? Tunasema hana nyumbani, au tunasema anapo hata asipotaka? Ukisema ni makaburi ya baba zake, basi kila ukoo uliowahi kuhama ulikuwa na kizazi kimoja kilichozikwa mbali na baba zao, na hatusemi kizazi hicho kilipotea. Waluo wenyewe wana historia ndefu ya kuhama kutoka upande wa Sudan. Ukisema nyumbani ni walipo watu wako, basi watu wa S.M. ni akina nani? Ni ndugu aliozaliwa nao, au ni mke na watoto alioishi nao?

Na upande wa pili nao usikae kwa raha. Ukisema mtu aamue mwenyewe, na maiti ni yake, jiulize msiba ni wa nani. Marehemu halii. Wanaolia ni waliobaki, na mazishi ni yao pia. Je, mtu mmoja anaweza, kwa neno alilosema sebuleni, kuwanyang'anya ndugu zake kaburi la kulilia? Kama ndiyo, kwa nini?

Sijakupa jibu. Lakini ona mabishano yalivyohama. Mwanzoni yalikuwa Mluo dhidi ya Mkikuyu, mjini dhidi ya kijijini, mwanamke dhidi ya ukoo. Sasa yamekuwa maswali ambayo mtu wa upande wowote anaweza kuyashika na kujikuta anasitasita. Huko kusitasita ndiko falsafa inakoleta. Kunaweza kuonekana kitu kidogo, ila familia zinazogombana kwa miezi mitano mwili ukiwa mochari zinakihitaji sana.

Kwa hiyo tufanye nini?

Tunapozungumza kuipeleka falsafa kwa umma, mara nyingi tunafikiria mhadhara wa bure, au profesa redioni akimweleza Plato kwa Kiswahili chepesi. Si vibaya. Lakini hiyo ni kuhamisha darasa tu. Mfaransa Marc Sautet alijaribu kitu tofauti mwaka 1992 alipoanzisha mijadala ya falsafa mkahawani, Café des Phares pale Bastille, Paris, ambapo mada ilitoka kwa waliokaa. Sisi wala hatuhitaji kujenga mkahawa. Baraza tunalo. Kai Kresse, msomi aliyeishi Mji wa Kale wa Mombasa, alitoa kitabu mwaka 2007 akionyesha jinsi wanazuoni na washairi wa pale, akina Sheikh Abdilahi Nassir, Ahmad Nassir na Ahmed Sheikh Nabhany, walivyokuwa wakifanya falsafa kwa Kiswahili, kwenye mihadhara, mashairi na mazungumzo ya barazani. Hakwenda kuwafundisha. Alikwenda kukaa nao.

Tatizo letu basi si kwamba watu hawafikiri. Tatizo ni kwamba wanapotuita, wanatuita kama watunza hekima. Vyombo vya habari vinataka "maoni ya mtaalamu". Korti inataka "mila inasemaje". Familia inataka mwamuzi. Nasi, kwa kuona fahari ya kuitwa, tunajibu. Tunageuka kamusi inayotembea.

Ningependa tuwe na ujasiri wa kukataa kazi hiyo kidogo, kwa heshima, na kurudisha swali mezani. Si kwa kejeli. Kijana aliyesoma akianza kuwachokoza wazee kwa "kwa nini, kwa nini" atafukuzwa, na atastahili. Mbuya aliweza kusema Waluo walikosea kwa sababu aliijua mila yao ndani nje, na kwa sababu aliishi nao. Huwezi kupima usichokijua. Kwa hiyo mpima hekima mzuri lazima kwanza awe amekaa sana miguuni kwa watunza hekima.

Shangazi alizikwa kwa mumewe. Si kwa sababu hoja ya upande huo ilishinda. Kufikia saa nane usiku watu walikuwa wamechoka, na wenye sauti kubwa walikuwa upande huo. Nimewaza mara nyingi ningemjibu nini baba mdogo. Sasa nadhani nisingemjibu. Ningemwambia: "Baba mdogo, mimi sijui azikwe wapi. Lakini kabla hatujaamua, naomba kila mmoja aseme jambo moja: shangazi alipokuwa akisema 'nyumbani', alikuwa anapataja wapi?"

Na nyinyi mnaosoma hapa: kwenu, swali hilo lingejibiwaje?